Dawa Moja, Majina Mawili

Ijumaa moja, saa kumi na dakika arobaini alasiri, gari la wagonjwa lilimrudisha Bibi kwenye makazi ya wazee ninakofanya kazi ya uuguzi, huku Minnesota, Marekani. Alikuwa amelazwa siku tano kwa nimonia. Alirudi na mfuko wa plastiki wenye nguo zake na rundo la karatasi za ruhusa. Jumapili, saa nne na nusu asubuhi, alikuwa ameketi sakafuni karibu na mlango wa choo, uso umempauka, moyo ukipiga mara 44 kwa dakika.

Kati ya nyakati hizo mbili hakuna mhudumu aliyempa dawa isiyoandikwa. Kila kidonge alichomeza kwenye toroli letu kilikuwa kwenye daftari la dawa, kwa jina lake, dozi yake na wakati wake. Kama mtu angekosea kwa kuchukua kidonge cha jirani, tungejua cha kusema. Hapa kila mtu alifuata maandishi, na maandishi ndiyo yaliyomwangusha.

Umri wake na mambo madogo ya maisha yake nimeyabadilisha ili asitambulike. Nitamwita Bibi, kama tunavyomwita wenyewe kwa wenyewe tunapoongea Kiswahili jikoni, sisi wa kutoka Kenya, Tanzania na Kongo ambao tunajaza zamu za wikiendi.

Kwa msomaji aliye nyumbani nieleze kidogo. Makazi ya aina hii si hospitali. Mzee ana chumba chake, ufunguo wake na fanicha zake, ila anasaidiwa kuoga, kula, na zaidi ya yote kumeza dawa. Nyumba za uuguzi, zile za wagonjwa wa kitandani, husimamiwa na sheria za serikali kuu, na mfamasia lazima apitie dawa za kila mgonjwa kila mwezi. Makazi kama yetu husimamiwa na kila jimbo kivyake. Minnesota ilianza kuyapa leseni yake maalumu tarehe 1 Agosti 2021. Sheria hiyo inamruhusu mhudumu asiye muuguzi kutoa dawa, mradi muuguzi aliyesajiliwa amemfundisha, ameshuhudia anaweza, na ameandika maelekezo mahususi ya kila mkazi. Muuguzi mwenyewe lazima apatikane kwa simu saa 24, siku 7 za wiki.

Wikiendi ile simu ilikuwa kwangu.

Bibi ana miaka 86. Moyo wake hudunda bila mpangilio, kwa hiyo anatumia apixaban asubuhi na jioni ili damu isigande na kumletea kiharusi. Ana amlodipine ya presha. Na kwa miaka mingi amekuwa akimeza Toprol-XL ya miligramu 50 kila asubuhi, ili moyo usikimbie. Dawa za zamani bintiye huziagiza kwa posta, chupa za siku 90, kutoka famasi ya bima yao. Dawa mpya, zile za dharura, huletwa na famasi yenye mkataba na makazi, zikiwa kwenye kadi za vidonge 30. Kwa hiyo mzee mmoja ana famasi mbili, na kompyuta ya famasi moja haioni kilichotoka kwenye nyingine.

Toprol-XL ni jina la biashara. Dawa iliyomo ndani inaitwa metoprolol succinate, inayoyeyuka taratibu na kufanya kazi siku nzima. Ina ndugu yake, metoprolol tartrate, inayofanya kazi kwa saa chache na kumezwa mara mbili kwa siku. Moyoni hufanya kazi ileile, tofauti ni mwendo tu. Hospitalini madaktari hupenda hiyo ya haraka, kwa sababu dozi inaweza kupandishwa asubuhi na kushushwa jioni kadiri mgonjwa anavyobadilika. Bibi alipopata nimonia, moyo wake ulikimbia kama kawaida ya mwenye maambukizi. Wakamwondolea ile ya taratibu, wakampa tartrate miligramu 50 mara mbili. Yaani kutoka miligramu 50 kwa siku hadi 100. Kwa mgonjwa aliye kitandani, mwenye waya kifuani na muuguzi mlangoni, uamuzi huo una maana kabisa.

Sasa tusome karatasi ya ruhusa. Ilikuwa na mafungu: dawa za kuendelea nazo, dawa zilizobadilishwa, dawa za kuacha. Kwenye zilizobadilishwa paliandikwa metoprolol tartrate, miligramu 50, mara mbili kwa siku. Ilibadilishwa kutoka nini? Haikusema. Siku alipolazwa, mtu wa mapokezi aliandika "metoprolol" tupu kwenye orodha ya hospitali, bila neno succinate na bila jina Toprol-XL. Kwenye fungu la dawa za kuacha hapakuwa na kitu kinachohusu moyo.

Mhudumu wa zamu ya jioni alinipigia simu. Akanisomea karatasi dawa kwa dawa, vizuri, bila haraka. Alipofika kwenye metoprolol nikamuuliza, "Tunayo kwenye daftari?" Akatafuta kwenye herufi ya M. Haikuwepo. Ilikuwa kwenye T, kwa jina la Toprol-XL, kwa sababu ndivyo chupa ya posta ilivyoandikwa na ndivyo sisi tulivyoinakili Bibi alipohamia. Akajibu, "Hapana sista, hatuna." Nikasema, "Basi iingize kama mpya."

Sentensi hiyo niliitamka mimi. Nilikuwa nimeegesha gari nje ya duka, wanangu nyuma, na nilikuwa na makazi mengine mawili ya kuyapigia simu kabla ya usiku. Nayaeleza haya kwa sababu hivyo ndivyo simu ya wikiendi ilivyo. Sheria inataka muuguzi apatikane, nami nilipatikana. Lakini muuguzi wa kwenye simu haoni chupa. Anasomewa, na anasomewa anachouliza tu.

Kadi ikafika saa tatu na nusu usiku, kidonge cha kwanza kikatolewa hapohapo. Jumamosi saa mbili asubuhi Bibi alimeza Toprol-XL 50 kutoka kwenye chupa na metoprolol 50 kutoka kwenye kadi. Saa mbili usiku, metoprolol 50. Jumapili asubuhi, zote mbili tena. Jumlisha: miligramu 300 katika saa zisizofika 35. Hospitali ilikusudia 200 kwa muda huo. Kabla ya kuugua angepata 100.

Kulikuwa na kasoro nyingine ndani ya kasoro hiyo. Agizo la zamani la Toprol-XL lilikuwa na sharti: pima mapigo kwanza, yakiwa chini ya 55 usitoe, mpigie muuguzi. Kompyuta ya toroli haimruhusu mhudumu kuendelea mpaka aandike namba. Agizo jipya halikuwa na sharti lolote. Jumamosi asubuhi mapigo yalikuwa 66, sawa. Jumapili asubuhi yalikuwa 57, juu ya mstari kwa pointi mbili. Mhudumu akatoa, kama alivyofundishwa. Jumamosi usiku, kwenye dozi ya kadi peke yake, hakuna aliyepima kwa sababu hakuna aliyeagizwa kupima.

Aliyempata Bibi sakafuni ni kijana wa Kakamega, nimefanya naye kazi miaka mitatu. Lakini wasiwasi wake ulianza kabla ya hapo, na hapa nataka nikae kidogo. Jumapili za msimu wa mpira wa Kimarekani Bibi huvaa sweta ya zambarau ya timu ya Vikings tangu alfajiri, na kila anayeingia chumbani humuuliza mchezo ni saa ngapi. Jumapili ile alikutwa na nguo ya kulalia, kahawa haijaguswa. Alipoulizwa kama sweta ilikuwa kwenye kufuliwa, akasema hajui. Kijana akaenda kumhudumia mzee wa chumba cha pili, lakini nafsi ikakataa, akarudi. Ndipo akamkuta chini.

Alinipigia saa nne na dakika thelathini na tano.

"Sista, Bibi ameteleza. Anaongea, lakini si yeye."

"Amegonga kichwa?"

"Anasema hapana. Mimi sikuona."

"Mapigo?"

"Kifaa cha kidoleni kinaruka, mara 58, mara 49, mara hakisomi. Nimeshika mkono nikahesabu dakika nzima. 44."

"Presha?"

"88 kwa 50."

"Piga 911 sasa hivi. Usimsimamishe. Chukua dawa zake zote, chupa na kadi, uwape wa gari la wagonjwa. Zote, ndugu yangu, hata ambazo hazimo kwenye toroli."

Kuhesabu dakika nzima kwa mkono ndiyo njia sahihi kwa moyo usio na mpangilio. Mashine nyingi hupotea kati ya pigo na pigo, na ukihesabu sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne unaweza kukosea vibaya. Na kwa mzee anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda, anguko ambalo hakuna aliyeliona huhesabiwa kuwa amegonga kichwa mpaka picha ionyeshe vingine. Kijana hakusubiri nimwambie lolote kati ya hayo.

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa, ikawa safi. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha moyo wa polepole, bila mshituko wa moyo. Walisimamisha metoprolol zote, wakampa dripu, wakamlaza usiku mmoja. Mfamasia wa idara ya dharura, aliyepewa mfuko wa dawa, alipanga chupa na kadi mezani akaliona tatizo kwa kutazama tu. Tofauti yake nasi ilikuwa kwamba alivishika vyote viwili kwa wakati mmoja.

Mle mfukoni kulikuwa na kitu cha tatu. Kijana alikuwa amefungua mpaka droo ya kando ya kitanda, akakuta chupa ya dawa ya maumivu ya usiku, ile ya kununuliwa dukani bila cheti. Binti aliileta Ijumaa jioni kwa sababu mama alilalamika kwamba hospitalini hakulala. "Nilidhani ni dawa ya maumivu tu," aliniambia baadaye akilia. Dawa hizo za usiku mara nyingi huwa na paracetamol pamoja na diphenhydramine, dawa ya mzio inayoleta usingizi. Orodha ya Beers, ambayo Chama cha Madaktari wa Wazee cha Marekani huihuisha na ambayo toleo lake la 2023 ndilo tunalotumia, inaonya kwamba mzee asipewe diphenhydramine kwa ajili ya usingizi, kwani humchanganya akili na kumwangusha. Lakini kwa Bibi kulikuwa na ubaya zaidi. Metoprolol huvunjwavunjwa na kimeng'enya fulani cha ini, na diphenhydramine hukizuia kimeng'enya hichohicho kufanya kazi. Metoprolol ikabaki kwenye damu kwa wingi na kwa muda mrefu zaidi. Vidonge viwili kila usiku, Ijumaa na Jumamosi. Siwezi kupima kila kimoja kilichangia kiasi gani, ila najua vilivuta kamba upande mmoja.

Simlaumu yule binti. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anachonunua kwenye duka la chakula kinaingia kwenye orodha ileile na kile alichoandika daktari. Kwenye fomu za siku ya kuhamia kuna mstari unaosema hivyo, ukurasa ambao hausomwi na mtu aliyechoka anayemhamisha mama yake.

Jumanne tukakaa kikao. Meneja alikuja na fomu ya onyo aliyokwisha kuijaza nusu, kwa jina la kijana wa Kakamega, kwa kuwa sahihi yake ndiyo iliyokuwa kwenye dozi za mwisho. Hoja yake ilikuwa kwamba mhudumu wa dawa amefundishwa mambo matano ya kuhakiki: mtu sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Nikaomba tuyapitie kwa kila kidonge. Toprol-XL: mtu ni yeye, dawa ni hiyo, dozi 50, kwa mdomo, saa mbili asubuhi. Sahihi tano. Metoprolol tartrate: sahihi tano. Mambo hayo matano yanakagua kidonge kimoja kimoja. Hayawezi kukuonyesha kwamba vidonge viwili vilivyo sahihi ni kosa moja vikikaa pamoja. Kumwandikia onyo aliyefaulu mtihani kwa sababu mtihani wenyewe una tundu ni dhuluma, nami nikalisema hivyo, pamoja na lile nililolitamka Ijumaa ndani ya gari.

Kuna jambo wasilolielewa mameneja wengi. Mhudumu anayetoka kwetu hupigia simu muuguzi wikiendi kwa woga. Anaogopa lafudhi yake, anaogopa kuonekana hajui kazi, anaogopa kupunguziwa saa wakati kuna karo inasubiri kutumwa nyumbani. Kijana huyu aliniambia kwamba Jumamosi asubuhi aliona chupa na kadi, zote zimeandikwa "kwa ajili ya mapigo ya moyo", na akajiuliza. Hakupiga, kwa sababu mara ya mwisho alipouliza jambo kama hilo, muuguzi mwingine alimjibu, "Toa kilichoandikwa." Kuuliza si ujinga, tunaambizana tangu utotoni. Halafu tunamweka mtu mahali ambapo kuuliza kunamgharimu. Ukimwandikia barua huyu aliyepiga Jumapili, wengine wote wanajifunza kutopiga.

Bibi alirudi Jumatatu, kabla ya kikao hicho, na safari hii nilikuwa mlangoni. Nilikuwa na orodha ya kabla ya kuugua, orodha ya ruhusa ya kwanza na orodha ya ruhusa ya pili, pamoja na kila chupa na kila kadi juu ya meza yake ya kulia chakula. Nilimpigia daktari aliyemruhusu, nikamtajia jina la biashara na jina la dawa yenyewe. Akairudisha metoprolol succinate 50 mara moja kwa siku, tartrate ikafutwa, sharti la mapigo likawekwa, na miadi na daktari wa moyo ikapangwa baada ya wiki mbili. Nimonia ilikuwa imekwisha, na moyo haukuwa tena na sababu ya kukimbia. Kazi yote ilichukua dakika arobaini.

Tangu hapo tumebadilisha machache, na makubwa kwangu ni mawili. La kwanza, daftari letu sasa limeandikwa kwa jina la dawa yenyewe, na la biashara linafuata. Toprol-XL imehama kutoka T kwenda M. La pili, mzee akitoka hospitali, kadi mpya haiingii kwenye toroli mpaka watu wawili wakae na chupa zote na kusoma kwa sauti dawa hii ni ya nini. Si jina tu, kazi yake. Mhudumu hahitaji kujua famakolojia ili agundue kwamba amesoma "ya mapigo ya moyo" mara mbili. Akigundua hivyo anasimama na kupiga simu, na muuguzi wa kwenye simu haruhusiwi kusema "iingize" kabla ya kutumiwa picha ya lebo zote mbili.

Nawafundisha pia mikia. Sisi tuliokulia kwenye ngeli huangalia mwanzo wa neno, m- na wa-, ki- na vi-. Dawa hujulikana kwa mwisho wake. Zinazoishia na -olol, kama metoprolol na atenolol, huupunguza moyo mwendo. Zinazoishia na -pril au -sartan ni za presha. Ukiona mikia miwili inayofanana kwa mzee mmoja, uliza. Jina la biashara huukata mkia huo, na ndivyo Toprol-XL ilivyopita mbele ya macho ya watu wanne.

Wiki hiyohiyo nilimpigia mdogo wangu aliyeko Tanga, nikamwambia amwage mfuko wa dawa za mama kitandani na kunisomea moja moja. Mama anakwenda kliniki mbili na huwa ananunua kitu dukani magoti yakiuma. Tulikuta Voltaren kutoka mahali pamoja na diclofenac kutoka pengine. Ni dawa moja, na mama alikuwa akizimeza zote kwa miezi, juu ya presha yake. Kila aliyemwandikia au kumuuzia alifanya kazi yake.

Bibi yuko vizuri, mapigo yake huwa kati ya 64 na 72. Binti sasa hutuonyesha kila anacholeta, hata mafuta ya mgongo. Fomu ya onyo ilisainiwa pamoja na pingamizi langu, ikawekwa kwenye faili la kijana yule. Nimeandika mara mbili nikiomba iondolewe na kosa liandikwe pale lilipoanzia, kwenye simu ya Ijumaa, kwa jina langu. Bado imo. Mkaguzi wa jimbo akija atalikuta faili hilo, na nimehakikisha kwamba karatasi itakayofuata baada ya fomu hiyo ni barua yangu.